Waliokuja Kuuliza: Tarehe ya Utafiti wa Dini Mlimani Kilimanjaro

Mtu akisimama Sanya Juu alfajiri ya mwezi wa Juni, naye ameelekea mashariki, huona kwanza weusi wa mlima, kisha utepe wa wekundu juu ya mabega ya Shira, na baada ya subira ambayo wenyeji tumekwisha kuizoea, jua huchomoza, si kutoka kwenye ukingo wa nchi kama wanavyolipata watu wa pwani, bali kutoka nyuma ya Kibo. Katika lugha za mlimani jua huitwa Ruwa, na upande wetu wa magharibi, Machame na Siha, aghalabu husikika Iruwa. Na jina hilohilo ndilo la Mwenyezi Mungu. Wageni wengi wameandika juu ya hilo, wakabishana kama Wachagga waliabudu jua au walimwabudu Muumba wa jua, na wachache kati yao walipata kuamka mapema wakasimama mahali ninaposimama mimi.

Desemba moja nilialikwa kwa jirani yangu, mzee anayekaribia miaka 80 ambaye sote twamwita Meku, siku watoto wake walipopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kuchinja mbuzi wa mwaka. Kabla kisu hakijashuka, mzee alichota pombe ya mbege kwa kata, akaenda peke yake hadi kwenye mimea ya masale iliyo nyuma ya nyumba, akapiga funda moja akalinyunyiza kwa kinywa, akamimina iliyosalia chini taratibu huku akitaja majina: la baba yake, la babu yake, la babu wa baba yake, na la nne ambalo sikulipata vizuri kwa makelele ya watoto. Mzee huyu ni mzee wa kanisa vilevile. Jumapili iliyofuata alisoma zaburi mbele ya usharika kwa sauti ileile aliyotumia kwenye masale. Mjukuu wake mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimwuliza kwa adabu: “Meku, waamini kweli kwamba wanakunywa?” Mzee akamtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo. “Nimekuambia wanakunywa? Nimesema nawapa.”

Jibu hilo fupi, kwa rai yangu, linabeba hitilafu yote iliyokuwapo kati ya mlima huu na wataalamu waliokuja kuuliza habari za dini yake kwa muda wa miaka zaidi ya 170. Walikuja wakiuliza “mnaamini nini?”, ilhali wenyeji walikuwa na majibu tele ya swali jingine, yaani “mnafanya nini, na nani, na kwa zamu ya nani?” Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi swali la kwanza lilivyokuja, lilivyotawala, na lilivyopisha la pili.

1848 hadi 1871: Weupe ulioitwa baridi

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Kiingereza ya CMS na kukaa Rabai nyuma ya Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wake Bwana Kheri, alipouona mlima wenye kitu cheupe kileleni. Akauliza ni nini. Kiongozi, ambaye hakuwa na neno la theluji wala haja ya kuwa nalo, alimjibu kwamba ni baridi tu. Baadaye Rebmann aliambiwa hadithi nyingine: kwamba zamani mangi mmoja, yaani mtawala, alituma watu wapande wakalete weupe ule, kwa kudhani ni fedha, na walio wengi wakafa, na aliyerudi akarudi na viungo vilivyoharibika, akasema ni kazi ya pepo wa mlimani.

Rebmann akaandika, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hajapata kuikanyaga nchi hii, akakana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Laiti mabishano hayo yangekuwa juu ya theluji peke yake! Walakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo lingerudi mara nyingi katika tarehe hii: kwamba neno la mtu aliyeona kwa macho lilipimwa na mtu aliyesoma vitabu, na la mwenyeji likawa la tatu, likaitwa ushirikina. Hata hivyo yule aliyepanda na kurudi na viungo vilivyoharibika alisema kweli kwa namna yake: mlimani mna kitu kinachoua, na kitu hicho hakionekani kwa macho.

Katika safari zake Rebmann aliona ibada bila kukusudia kuisoma. Huko Kilema, kwa Mangi Masaki, alivishwa kidoleni ukanda mwembamba wa ngozi ya mnyama aliyechinjwa, ambao kwa desturi ya mlimani humfanya mgeni na mwenyeji kuwa watu wa damu moja. Alilitaja jambo hilo kama ada ya nchi, akapita. Mmisionari huyu aliyekuja kuwafundisha Wachagga agano jipya alikwisha kufungwa katika agano lao kabla hajafungua kinywa, na sidhani kama alilihisi hilo.

Mwaka 1871 yalitukia mambo mawili yasiyojuana. Mmisionari Charles New alipanda kutoka Moshi, kwa idhini ya Mangi Rindi ambaye wageni walimwita Mandara, akafika kwenye theluji yenyewe na kuigusa, na mzozo wa Cooley ukafungwa. Na huko Uingereza Edward Tylor alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya utamaduni wa kale, ambamo aliifasiri dini kuwa ni kuamini viumbe vya kiroho. Fasiri hiyo ni fupi na ya kupendeza, nayo ilienea. Lakini iliifunga elimu changa ya anthropolojia katika neno “kuamini” kwa takriban miaka 100. Kuanzia hapo kila mtafiti aliyepanda mlimani alipanda na mfuko wenye swali moja, na alipojibiwa kwa mbuzi au kwa maziwa aliandika kwamba wenyeji hawana fikra iliyo wazi.

1885 hadi 1900: Ruwa apokewa, mizimu yakataliwa

Misheni ya kwanza mlimani, ya CMS ileile ya Kiingereza, ilifunguliwa Moshi kwa Rindi mwaka 1885. Baada ya vita vya Mangi Meli na Wajerumani mwaka 1892 Waingereza waliondoka, na mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kushika Kilema. Wote hao walilazimika kuchagua neno la Mungu katika lugha ya wenyeji, nao walichagua Ruwa. Uchaguzi huo ulikuwa na busara, na pia ulikuwa na hatima kubwa kuliko walivyotazamia, kwani kwa tendo moja la tafsiri walikata kitu kimoja vipande viwili: Ruwa akahamia kanisani, na warimu, yaani wazee waliotangulia, wakabaki nje wakiitwa giza.

Wachagga wa zamani hawakuwatenga hivyo. Ruwa alikuwa juu na hakusumbuliwa kila siku. Warimu walikuwa karibu, nao walihitaji kutajwa, kupewa mbege ya ndizi na ulezi, maziwa, na sehemu yao ya nyama, na waliosahauliwa kwa kukosa wa kuwataja walipotea polepole kutoka katika hesabu ya ukoo. Neno “dini” lenyewe ni la Kiarabu, lilikwea mlima pamoja na misafara ya pwani. Katika umri wangu wote sijamsikia mzee akitaja kwa Kichagga neno linalotenga mambo haya na kazi ya shamba, zizi na nyumba. Basi mtafiti aliyeuliza “dini yenu ni ipi?” alikuwa kama anayeingia jikoni na kuuliza chumvi imewekwa chungu gani, wakati imekwisha kuyeyuka katika vyote.

Kisha ikaja tarehe 2 Machi 1900. Siku hiyo, katika Moshi ya Kale, Wajerumani waliwatundika mtini watu 19, wakiwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho, na Mangi Ngalami wa Siha, nchi hii yetu ambayo zamani ikiitwa pia Kibong'oto. Wanahistoria wanataja fitina kati ya mamangi, na hofu ya serikali mintarafu ya maasi. Hayo siyo ya leo. Lililo la leo ni kwamba katika zama zile kulikuwa na tawi la elimu ya binadamu lililodhani kwamba kaumu zaweza kujulikana kwa kupima vichwa vyao, na Felix von Luschan huko Berlin alikuwa akikusanya mafuvu kwa maelfu kutoka makoloni. Kwa mapokeo ya jamaa zake, kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Nisitishe hapa kidogo, kwa sababu jambo hili lina upande ambao wageni hawakuujua. Katika desturi ya kale ya mlimani, mtu mzima mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, na baada ya miaka mifupa yake ilitolewa kwa taadhima, fuvu likiwa la kwanza, ikapelekwa migombani penye masale, ikawa hapo ndipo mahali pa kumtaja. Kutoa fuvu la mkubwa ardhini ilikuwa kazi ya mwanawe, yenye saa yake na maneno yake. Basi fikiri mtu aliyelelewa katika adabu hiyo alivyoona fuvu la mangi likitiwa sandukuni na askari. Wapimaji wa Berlin walidhani wanachukua mfupa.

1902 hadi 1938: Mchungaji aliyesikiliza

Miaka miwili baada ya mauaji yale alikuja mtu wa namna nyingine. Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden wa mwaka 1876, mchungaji wa misheni ya Leipzig, alifika mlimani 1902, akahudumu Machame na Masama, majirani zetu wa karibu hapa Sanya Juu, kisha toka 1910 akakaa Kidia katika Moshi ya Kale. Waingereza walimfukuza pamoja na Wajerumani wengine mwaka 1920, akarudi katikati ya mwongo huo, akaendelea hadi 1938. Alikufa Ujerumani mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 90.

Sijui mgeni mwingine aliyeandika juu ya kabila moja la Afrika ya Mashariki kwa wingi kama yeye. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha mashairi na fikra za Wachagga. 1914 kitabu cha ngano zao. 1926 kitabu cha sheria chenye kurasa zaidi ya 700. Na kati ya 1932 na 1938 majuzuu matatu ya mafundisho ya jandoni, ambamo mna maneno ya wazee wakiwafunda vijana kwa fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho. Kila alama ya fimbo ilikuwa na somo lake: mimba inavyokua, ndoa, heshima, kifo, na mzee akipitisha kidole juu ya mti ule alisoma kama asomavyo mtu kitabu. Gutmann alikaa akaandika neno kwa neno. Fauka ya hayo hakukubali kuliita jambo lolote upumbavu kabla ya kuijua kazi yake.

Mwenzake Johannes Raum alikuwa ameandika mwaka 1907 juu ya maagano ya damu na mate, akionyesha kwamba mate, ambayo kwa Mzungu ni tusi, mlimani ni baraka: mzee humtemea mtoto kichwani naye mtoto hushukuru. Ule ukanda wa ngozi aliovishwa Rebmann sasa ulipata ufafanuzi wake. Mnyama hugawanywa, damu na mate huchanganywa, na walioshiriki hawawezi kudhuriana bila agano lenyewe kuwageukia.

Gutmann alisadiki kwamba Mungu aliwafunga binadamu kwa vifungo vitatu vya asili, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa likivikata vifungo hivyo litapanda mti usio na mizizi. Kwa hiyo aliujenga usharika wake juu ya hivyo hivyo: vijana wa kipaimara waliunganishwa kwa vikundi vya kusaidiana mfano wa marika ya kale, wazee wa koo walipewa sauti, na mifereji ya maji, ile tuiitayo mifongo, ilihesabiwa kuwa jambo la ujirani wa Kikristo. Baadhi ya wamisionari walimwona kama anarudisha upagani kwa mlango wa nyuma.

Mimi namheshimu, lakini sina budi kusema ninachoona. Gutmann alimpenda Mchagga wa zamani kuliko Mchagga aliyekuwa mbele yake. Huyu wa mbele yake alitaka kahawa, shule, baiskeli na shati jeupe. Yule wa kitabuni alisimama daima katika wakati usio na mwaka, akisema kwa sauti moja, na mara nyingi msomaji haambiwi ni mzee gani aliyesema, wa mtaa gani, lini, na kama mwenzake alimpinga. Kadhalika vitabu vyake hivyo viliandikwa kwa Kijerumani kigumu, hata wajukuu wengi wa wale waliompa maneno hawawezi kuvisoma.

Kalamu ya wenyewe

Akali ya watu wajua kwamba kabla ya kazi kubwa za Gutmann kuchapishwa, kijana mwalimu wa Marangu, Nathaniel Mtui, alikwisha kujaza madaftari ya habari za mlima, nchi kwa nchi na mangi kwa mangi, kati ya 1913 na 1916. Wageni waliokuja baadaye walikunywa katika kisima hicho, na Kathleen Stahl alipotoa historia yake ya Wachagga mwaka 1964 alikuwa ameyapitia madaftari hayo kwa makini. Jina la Mtui halikuandikwa juu ya jalada la kitabu chochote cha wageni hao.

Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza mjini Moshi, alichapisha kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Alikuwa mtawala aliyependwa, maana alisaidia wakulima wa kahawa kuungana mwaka 1925. Katika dini alishika kwamba Wachagga walimjua Mungu mmoja, aliyewatoa watu wa kwanza kwa kupasua chombo kilichowafunga. Akasimulia na kisa cha Ruwa kumpa mtu shamba la migomba na viazi, akimwambia ale vyote isipokuwa kiazi kikuu kimoja, na mgeni akaja, akakipika wakala, na maradhi na kifo vikaingia duniani.

Msomaji wa Biblia au wa Kurani hastaajabu kusikia kisa hicho. Amekijua tangu utotoni. Na hapo ndipo penye tatizo ambalo kila mtafiti wa dini hukutana nalo. Dundas aliandika miaka zaidi ya 70 baada ya Rebmann, na zaidi ya 30 tangu shule za misheni zianze kufundisha habari za Adamu. Je, kisa kile ni cha kale, nacho chafanana tu na cha Mwanzo, au mzee alikisikia kwa mjukuu wake aliyetoka shule, akakivika migomba? Mimi sioni aibu katika lolote kati ya hayo mawili. Kaumu inayoweza kupokea bustani ya Edeni ikaipanda migomba na viazi vikuu haikukosa akili ya dini. Ila mtafiti asiyeuliza kisa kilifika lini huandika leo akaiita jana.

Baada ya hapo kilitoka kitabu ambacho kwangu ndicho kilele cha sehemu hii: *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, cha Petro Itosi Marealle, mangi wa Vunjo, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1947. Tazama jina lake. Mchagga, Mkristo, mtawala, akiandika kwa Kiswahili cha pwani, alitumia neno la Kiarabu “ahera” kuyaita makazi ya warimu, na hakuona haya wala mgongano. Anaanza na mtoto tumboni, anapita jandoni na ndoani, hata anamfikisha mtu kaburini na kumvusha. Kwake kifo si mwisho wa sura ya kwanza na mwanzo wa nyingine iitwayo dini, bali ni hatua ya njia ileile moja. Otto Raum, mwana wa yule Johannes, aliyesomea kwa mwanaanthropolojia Malinowski huko London, alikuwa ametoa mwaka 1940 kitabu kizuri juu ya malezi ya mtoto wa Kichagga; lakini yeye alieleza kwa walio mbali, na Marealle alieleza kwa walio nyumbani. Hicho cha Marealle nimekiona mikononi mwa watu wasiosoma kitabu kingine ila Biblia na kitabu cha nyimbo.

1968 na baadaye: Swali lageuka

Wakati wa Uhuru elimu ya anthropolojia ilikuwa imeingia mashakani. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyeisomea Oxford akaikasirikia, alitoa mwaka 1970 kitabu kikali juu ya jinsi wataalamu wa Magharibi walivyozisoma dini za Afrika, akiwalaumu wamisionari na wasomi Wakristo wa Kiafrika pamoja, kwamba wameivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili ipate kukaribishwa. Hapa mlimani Anza Lema, mwana wa mlima mwenyewe, alitafiti jinsi misheni ya Leipzig ilivyokutana na dini ya wenyeji, akionyesha kwamba waliobatizwa hawakuwa udongo mtupu wa kufinyangwa, bali walichagua, walipima na kukataa.

Mwaka 1968 alifika Sally Falk Moore, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, na ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika mashtaka ya Nuremberg. Pengine ndiyo sababu hakuanza kwa kuuliza imani, alitazama ushahidi. Alihesabu nani kachinja, nani kapewa kidari, nani kakosa mwaliko wa mbege, na ni ndugu yupi aliyefiwa na watoto akasemwa kuwa amelaaniwa. Akagundua kwamba nyama iliyogawanywa kwa tabasamu huweza kuwa ndiyo barua ya kumfukuza mtu shambani. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kilikuwa kimejaa kahawa, ardhi imekwisha, ndugu ni wengi, na warimu waliitwa washuhudie mashauri ambayo wao wenyewe hawakuyajua. Kitabu chake cha 1986 kilifuatilia mambo hayo toka 1880 hadi 1980, na kilitoa hukumu iliyowaudhi wapenda mila: mengi yaitwayo desturi za kale yalitengenezwa katika zama za ukoloni.

Naomba radhi ya msomaji mwenye haya kwa hili lifuatalo, ambalo wazee hulijua na vijana hulicheka. Katika jando la kale wanaume waliofundwa waliagizwa kuwaambia wake zao kwamba wamezibwa kwa kitu kiitwacho ngoso, wasiende haja kubwa tena maisha yao yote. Na mwanamume alipaswa kujificha sana, hasa akiugua tumbo. Gutmann na Otto Raum walikuwa wameliandika kama siri ya wanaume. Moore, katika makala ya 1976, aliligeuza: wanaume walijua si kweli, wanawake nao katika mafunzo yao walijulishwa na kuonywa wasicheke, basi siri hiyo hakuna aliyefichwa. Haikuwa imani, kwa kuwa hapakuwa na aliyeamini. Ilikuwa adabu kubwa iliyotunzwa na pande zote mbili kwa vizazi. Toka hapo fasiri ya Tylor haikuweza tena kusimama mlimani. Tulikuwa na ibada yenye siri, kiapo na adhabu, na ndani yake hamkuwa na muumini hata mmoja.

Waliofuata walikwenda katika njia hiyo. Päivi Hasu, Mfini, katika kitabu chake cha 1999, alisoma maziko, akiuliza kwa nini Mchagga aliyefia mjini hurudishwa kwa gharama kubwa hadi kihambani, na jinsi kaburi la saruji lenye msalaba lilivyorithi kazi ya masale. Knut Christian Myhre, Mnorwe aliyetafiti Rombo, alitoa mwaka 2018 kitabu juu ya *horu*, nguvu ya uhai ipitayo katika majani, ng'ombe, maziwa, samadi, ndizi, mbege na mwili wa mtu, kisha ikarudi. Mwanamke apandaye mteremko na mzigo wa majani kichwani, kwa maelezo hayo, yumo katika jambo lilelile alilomo Meku mwenye kata. Marealle angelikubali hilo bila kuhitaji mfano.

Masanduku ya Berlin

Mnamo Septemba 2023 taasisi inayotunza makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Afrika ya Mashariki katika zama za Wajerumani, mengi ya Rwanda na mengine ya Tanganyika. Kwa kipimo cha vinasaba, jamaa walio hai walipatikana kwa mafuvu matatu. Juu ya moja lilikuwa limeandikwa neno “Akida”, na ilithibitika kuwa ni la mshauri mkubwa wa Mangi Meli.

Nilimsomea Meku habari hiyo kutoka gazetini. Alisikiliza hadi mwisho, hakuuliza habari za vipimo. Aliuliza kama wale waliolitunza fuvu miaka yote ile walijua jina la baba yake, na niliposema hawakujua, alitikisa kichwa, akasema basi hawakuwa wakilitunza, walikuwa wakiliweka tu.

Kwa hukumu yangu, hakuna mwanaanthropolojia aliyesema neno kali kuliko hilo juu ya kazi ya wenzake. Fuvu la Mangi Meli halikuwamo kati ya yale matatu.